Magadi Yako Hayatapita Kwangu

Kayole, Nairobi
4 Agosti 2025

Kaka Mbaluka,

Nakusalimu, na wote wa hapo nyumbani nawasalimu, hata ng'ombe mwekundu. Simu yangu umeifungia tangu Pasaka, kwa hivyo nimeamua kuandika kama watu wa zamani. Barua nimempa Ndirangu, yule dereva anayebeba matikiti kutoka huko kwetu hadi soko la hapa. Amesema ataiacha kwa duka la steji, na kwamba yeye si posta, kwa hivyo ukijibu usimchoshe.

Sisi tuko. Mtoto alizaliwa mwezi wa tano, msichana, nikamwita Syokau. Ukimwona utashtuka. Ana paji la uso la mama, na akikasirika anakunja mdomo vile mama alivyoukunja akikuona unarudi kutoka sokoni ukiyumba. Mimi humwita Mwaitu, kama tulivyomwita mwenyewe. Usiku halali na mchana hataki kuwekwa chini. Nashona naye kifuani, mguu uko kwa cherehani. Bado niko Isli, dukani kwa Bilan, tunashona mapazia. Munyoki hajambo, yuko kazini.

Shangazi Wanza aliniambia kwa simu kwamba pua yako ilivimba uliporina asali bila moshi. Pole. Nilicheka, lakini pole.

Sasa neno lenyewe. Shangazi amesema ndege itakuja kumwaga jasi kwenye mashamba yote ya kikundi kabla ya mvua, kwa sababu lori likiingia msimu wa matope linazama, na likiingia kiangazi linaushindilia udongo uwe kama saruji. Amesema pia jasi ndiyo dawa ya udongo wa magadi. Kaka, hakuna udongo wenye magadi hapo kwetu kushinda ule wa chini, ule baba alinipa. Wewe mwenyewe ndiwe uliyeupa jina Magadini. Siku baba aliponionyesha mpaka ulicheka hadi ukashika mti, ukasema, "Nthenya amepewa chumvi, sasa atafute mboga."

Nimechoka na Kayole. Nataka nirudi nilime pale na mwanangu. Kwa hivyo nakuomba, siku ya kuweka alama za ndege, uweke na zangu. Sikuombi kingine.

Ni mimi dada yako,
Nthenya


Kyumbuni
24 Agosti 2025

Nthenya,

Barua nimeipata. Salamu zimefika, na ng'ombe amezikataa. Huku kuna jua kali na vumbi. Mke wangu hajambo, watoto wako shule, mguu wa shangazi bado unamsumbua lakini mdomo wake ni mzima kabisa, kama nilivyoona kwa barua yako. Kazi ni nyingi, tunachimbachimba hapa na pale tukingojea mvua.

Nyinyi watu wa Nairobi mkisikia ndege mnafikiri inamwaga mkate. Hii ni jasi, mawe meupe yaliyosagwa. Inamwagiwa shamba lenye mtu na jembe. Pale kwako pana nini? Maji yakisimama pale yanakuwa kama chai ya maziwa iliyokosa majani, wiki nzima hayatui. Hata mbuzi wanaenda kulamba tu kisha wanaondoka. Usijisumbue na pale.

Halafu nikuulize. Unasema Munyoki hajambo, yuko kazini. Kazi gani hiyo ambayo ndugu yake hapa haijui? Na huyo mtoto umempa jina la mama yetu. Tangu lini? Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mume, na jina hilo unalijua. Mtu haruki jina hivihivi. Ulifikiri nitasoma kama gazeti nipite?

Wewe uliolewa. Kina Munyoki walileta mbuzi wa ntheo, wale wanaofunga ndoa, tukawala, na wewe ulikula figo. Siku ile ukawa mtu wao. Ulichopewa ukiwa msichana wa nyumba hii kilibaki kwa nyumba hii. Kama umerudi, sema umerudi. Na ukisema, ujue kwamba mbuzi wa kukataa, yule wa kumwambia mume kwamba mke hamtaki tena, hupelekwa na mwanamume wa nyumba yenu. Mwanamume huyo ni mimi, na mimi na ndugu ya Munyoki tuko kamati moja ya kikundi. Siendi kujiaibisha.

Kwa hivyo keti kwa mumeo ushone mapazia.

Mbaluka


Kayole
14 Septemba 2025

Kaka Mbaluka,

Barua yako ilifika ikinuka tikiti lililooza. Sijui ni lori au ni wewe. Nakusalimu hata hivyo, kwa sababu mama alitufunza kusalimu hata mtu tunayegombana naye.

Mwaitu amekuwa na mafua. Keateka, msimamizi wa ploti, amefunga maji, kwa hivyo mimi ndiye huyu napanda ngazi, mtoto mgongoni na jerikani mkononi, na nikifika juu naanza kutafuta ufunguo kwa meno. Jirani yangu Nasike hunifungulia akinisikia nikihema. Anasema nahema kama posho mill. Hizo ndizo habari za hapa.

Habari za Munyoki muulize ndugu yake, maana mnakunywa chai birika moja.

Uliniambia mnachimbachimba. Mnachimba nini, Kaka? Mbona hukusema? Shangazi Wanza amenieleza, na mguu wake mbovu ameutembeza mpaka chini akaone mwenyewe. Umechimba mtaro kutoka kwako hadi kwa mpaka wa mikonge, ukaukomesha hapo, mdomo wazi, ukiangalia kwangu.

Shangazi alikuwa kwa mkutano wa kikundi. Alimsikia bwana shamba akisema jasi haiyali magadi. Inayang'oa tu kutoka kwa udongo, halafu mvua inayabeba. Na mvua ikiyabeba lazima yaende mahali. Sasa nimejua yanaenda wapi. Shamba lako lioge, na mimi ninywe maji ya kuogea!

Tena amesikia kwamba jasi imeletwa kwa shamba zima la baba, la juu na la chini, kwa kuwa kwa kikundi limeandikwa moja. Kila mwenye shamba anaweka vitambaa vyeupe kwa kona, na rubani anamwaga ndani ya vitambaa. Wewe umepima kona zako zikaishia kwa mikonge. Kwa hivyo fungu langu litamwagwa kwako, na magadi yako yatamwagwa kwangu. Mbaluka, hata mtu wa kando asiye na undugu nasi angeona haya.

Wewe ndiwe uliyenibeba nikavuka korongo siku ile limefurika, ukaniambia nifumbe macho nisiogope. Sijasahau. Ndiyo maana nakuuliza kwa upole, na ni mara ya mwisho. Utaweka vitambaa kwa kona zangu, au hutaweka? Usiponijibu, nitajua umenijibu.

Nthenya


Kyumbuni
19 Oktoba 2025

Nthenya,

Sisi ni wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Habari njema zimeishia hapo.

Sikukujibu makusudi. Nilidhani wewe ni mtu wa kuelewa. Kumbe ulikuwa umekaa huko Isli ukinishonea aibu!

Ndege ilikuja Alhamisi asubuhi, ile ndogo ya kupulizia nzige, ikatua kwa kiwanja cha zamani cha kampuni ya mkonge. Watu wote walikuwa pale, hata mwalimu alileta darasa. Ikajazwa jasi, ikaruka, ikamwaga kwa wengine, ikaja kwangu. Mimi nimesimama na shati la harusi. Nikatazama chini kwa mikonge, nikaona Magadini kumetandikwa mapazia. Mapazia, Nthenya! Meupe, makubwa kama mahema, moja lina maua ya kung'aa pembeni. Na juu ya lile la kona ya korongo ameketi shangazi Wanza na mwavuli, eti lisipeperuke.

Nikakimbia, nikamwambia aondoke, atadhurika. Akaniambia mbele ya watu, "Mbaluka, wewe nimekubeba mgongoni ukanikojolea hadi kwa viatu na sikukutupa. Leo nimekaa kidogo kwa kitambaa unanifukuza?" Watu wakacheka. Nikashika kona ya lile pazia nivute, akalala juu yake kifudifudi. Ningemvuta mzee wa watu kama gunia? Ndege ikageuka. Mwenyekiti akapaza sauti akasema wachaneni, shamba ni moja, na rubani akamwaga. Shangazi akainuka mweupe kuanzia kichwani, kama mtu wa kinu cha unga, akipiga makofi na kukohoa.

Mpaka leo nikipita dukani watoto wananiuliza, "Mzee, mapazia yalikauka?"

Na jasi upande wangu imekuwa nyembamba. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kupata yote.

Lakini usicheke mapema. Jasi bila maji kupita ni vumbi tu. Mtaro ni wangu, nimeuchimba kwa mikono yangu, na maji hayajui kupanda mlima. Mvua ikija yatakuja kwako na kila yalichobeba. Halafu uje utandike mapazia mengine, tuone kama yatakunywa magadi.

Huyo mtoto apone mafua.

Mbaluka


Kyumbuni
16 Novemba 2025

Nthenya,

Salamu. Tangu nikuandikie umenyamaza. Ndirangu anasema hata sokoni hakuoni. Sijui kama ni kiburi au ni nini.

Mvua imenyesha vizuri. Kwa wengine maji yanaingia ardhini mpaka mtu anasimama kutazama tu, udongo umelegea kama unga wa chapati. Kwangu yamesimama. Shangazi ameziba mdomo wa mtaro na magunia ya mchanga, akaweka kiti juu yake, anachambua kunde hapo kutwa. Nikigusa gunia anapiga nduru. Siku ya kwanza kijiji kizima kilikuja na marungu, kikidhani ni chui.

Nilienda kwa naibu wa chifu. Akaniuliza upande wa pili ni shamba la nani. Nikasema ni la nyumbani. Akauliza tena, la nani? Nikarudi.

Mahindi yangu yamekuwa manjano, yamesimama miguu ndani ya maji. Magadi ambayo jasi imeng'oa yako palepale, yakikauka yatarudi yalikotoka, na ndege hairudi mwaka huu. Mwambie shangazi afungue.

Mbaluka


Kayole
7 Desemba 2025

Kaka Mbaluka,

Nakusalimu. Salimia mke wako, na yule ndama dume.

Sikunyamaza kwa kiburi. Mwaitu alilazwa, mapafu. Walimwekea hewa puani, mkono mdogo umefungwa kwa kipande cha katoni ili asing'oe sindano, na ananitazama tu, hata kulia hawezi. Kule wodini kila mama alikuwa na mtu wa kumletea uji, mume, au dada, au mtu wa kanisa. Bilan alifunga duka akaja na chai kwa chupa, na Nasike alinifulia nepi. Zaidi ya hao nilikuwa peke yangu. Sasa ametoka, anakohoa kidogo tu, na ameota jino.

Peke yangu. Umelisoma? Ni neno ulilolitaka tangu Agosti. Munyoki aliondoka kabla mtoto hajazaliwa. Yuko Mowlem, mtaa wa hapa karibu, ana nyumba nyingine, na kwa hiyo nyumba kuna mwanamke mwingine. Alikuja nikiwa kazini akabeba nguo zake na mtungi wa gesi, akaniachia jiko. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikikuambia hutasema pole, utasema "sasa umekuwa mtu wa wapi?" Na hivyo ndivyo ulivyosema, hata kabla sijakuambia. Ndugu yake alijua. Hivi kwa hiyo birika yenu hakuna siku hata moja alikuambia? Au alikuambia, na mtaro ukaanza kuchimbwa?

Usinijibu hilo. Najua umeanza kuchimba lini.

Sasa sikia, na usome polepole. Shangazi hafungui. Hata ukimpelekea nyama hafungui, mimi ndimi nilimwambia azibe, nikiwa kwa hiyo wodi, na simu ya kuazima. Magadi yako hayatapita kwangu. Mahindi yako nayahurumia, kwa sababu hayakunikosea. Lakini udongo wangu umepata dawa mara moja tangu baba azaliwe, na sitakubali uwe beseni la mtu.

Nataka vitu viwili. Cha kwanza, mtaro usimwage kwangu. Uuchimbe ukate kando, ufuate mikonge hadi chini korongoni, ambako maji yanajua njia. Pale pembeni nakupa nafasi ya jembe upite. Nakupa, umesikia? Ni yangu ndiyo maana naweza kukupa.

Cha pili, upeleke mbuzi wa kukataa kwa kina Munyoki. Wewe mwenyewe, mchana, kwa njia ya sokoni. Na usiniambie mambo ya sheria ya siku hizi, kwamba mtoto wa kike anarithi bila mbuzi. Sheria naijua, hata redio ya matatu inaitangaza. Lakini sheria haitakuja kukaa nami jioni hapo Kyumbuni, siku watu wa kina Munyoki watakapokuja kusema mtoto ni wao, na udongo anaoukanyaga ni wao. Wakija nataka waambiwe, "Mbuzi wenu mlimpokea." Na mtu wa kuwaambia ni wewe, wakati huo mimi nitakuwa nimeinama nikilima.

Kama aibu ya kamati inakushinda, basi kaa na maji yako. Mimi nimeshazoea kuishi bila maji.

Kamba ya mbuzi iko nyuma ya mlango wa mama, kama hamjaitupa.

Nthenya


Kyumbuni
28 Desemba 2025

Nthenya,

Mbuzi amepelekwa jana. Nilimchagua yule mweusi asiye na kilema, ili wasipate la kusema. Nilipita njia ya sokoni kama ulivyotaka, siku ya soko, na mbuzi mwenyewe akalia njia nzima kama aliyetumwa na wewe. Ndugu ya Munyoki aliipokea kamba bila kunitazama usoni. Chai haikutolewa. Kwa kamati sasa ananisalimu kwa kidevu. Natumaini umefurahi.

Mtaro sasa unakata kando pale kwa magunia, ukafuata mikonge hadi korongoni. Mikono yangu imetoka malengelenge, kalamu hii naishika kwa shida, kwa hivyo sitaandika mengi. Usifikiri nimefanya kwa ajili yako. Nimefanya kwa ajili ya mahindi yaliyobaki.

Shangazi bado amekaa juu ya magunia. Nilimwonyesha mtaro, nikamwambia mbuzi amekwenda, akasema anangoja asikie kwako, si kwangu. Mwambie.

Pale Magadini maji hayasimami tena. Kuna kitu kimeota, kijani, karibu na alipokaa shangazi na mwavuli. Pengine ni magugu tu.

Siku ile nilipokubeba, ulivuka korongo ukiwa umefumbua macho. Nilikuona.

Msalimie Mwaitu.

Mbaluka


Kayole
4 Januari 2026

Kaka Mbaluka,

Nakusalimu, wewe na malengelenge yako.

Mwaitu nilimsomea salamu zako. Alishika karatasi akaitia mdomoni, kona moja imeliwa, kwa hivyo usiniulize barua iko wapi.

Cherehani nimemwachia Nasike, na keateka nimemrudishia ufunguo. Ndirangu ametuachia nafasi kwa lori linaporudi tupu Alhamisi. Amesema mtoto akitapika nitaosha mimi. Bilan amenipa bitana nyeupe mpya, anasema kama ndege itarudi mwaka ujao isikute tumevaa vibaya.

Yale uliyoyafanya mwezi wa nane na wa tisa sijayaacha. Tutayaongea, na si kwa barua. Weka chumvi kwa maji uoshe mikono. Usipake magadi.

Shangazi nimemwambia aendelee kukaa palepale mpaka nifike. Magunia nitayaondoa mimi, na jembe la mama. Wewe usinisaidie. Simama upande wako wa mikonge, umshike Mwaitu, mwone maji yakipita kwenda korongoni.

Nthenya, wa Magadini